Buti za Evert Kibarazani

— Nani huyo? Mfungulieni, asigande huko nje, mwenye nyumba Alfhild akaita.

Nyumba nzima ilisikia buti zikikung'utwa theluji kibarazani, kushoto mara tatu, kulia mara moja. Kitasa kikazunguka. Claes akafungua mlango, hakuona mtu. Theluji ilikuwa imetandaa laini, haina hata unyayo.

Wageni wakaacha kutafuna mikate ya zafarani. Walikuwa wamefurika pale kijijini Värmland, Uswidi, kwa sababu Ragnhild Tornberg, mwigizaji, binti wa mkamua ng'ombe, ambaye filamu zake ziliwaliza watu kuanzia Stockholm hadi Roma, alikuwa amerudi kwao kuvishwa pete na Claes, meneja wake.

Alfhild, mama mdogo wa Ragnhild, akashusha kikombe kimoja zaidi, akamimina kahawa.

— Huyo ni vård, kivuli cha mtu aliye hai. Kimetangulia, mwenyewe yuko njiani.

— Mama, huo ni upepo tu, Claes akacheka.

— Upepo wa kwenu Stockholm huvaa buti?

Watu wakacheka. Ragnhild hakucheka. Kushoto mara tatu, kulia mara moja: aliyekung'uta hivyo ni Evert peke yake, mpiga picha wa filamu yake ya kwanza, mpenzi wake, ambaye Claes alisema amezama na meli ya wavua nyangumi. Siku ya habari ile, mwanamke anayelipwa kwa machozi hakutoa hata tone.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa mwandishi wa gazeti.

— Ragnhild, ukurasa wa mbele unakungoja. Unaolewa na Claes, ndiyo au hapana?

— Subiri usikate. Mama mdogo, na kama ni mzimu?

— Mfu ana haja gani ya kukung'uta theluji, mwanangu? Tangu lini wafu wakajali sakafu yangu?

Ragnhild akamgeukia Claes.

— Nataka kumwashia Evert mshumaa. Kaburi lake liko wapi?

— Göteborg, kule kwenye makaburi ya mabaharia.

— Si uliniambia bahari haikumrudisha?

Claes akakitazama kile kikombe kikifuka mvuke mbele ya kiti kitupu.

— Hakuzama. Alikuwa anapiga simu. Nikamwambia umemchoka. Angekurudisha zizini, Ragnhild. Mimi nimekufanya nyota.

Ragnhild akanyanyua mkono wa simu.

— Andika hapana.

Kibarazani buti zikasikika tena. Kushoto mara tatu. Kulia mara moja.

Hakuna aliyethubutu kusimama, Ragnhild akafungua mwenyewe. Evert alikuwa pale, mvi ndevuni, na nyuma yake nyayo zikitokea barabarani.

— Nani kakuita leo? Ragnhild akauliza, machozi yakimtoka sasa bila kamera.

— Wewe. Wiki nzima nasikia visigino vyako kwenye ngazi zangu. Nateleka kahawa, nafungua, hakuna mtu. Nikasema, huyu kapotea njia, nimfuate.

— Wiki nzima nilikuwa kitandani na homa, Evert.

Alfhild akasukuma kikombe kuelekea kile kiti.

— Kunywa kabla hakijapoa, baba. Na wewe Claes, koti lako liko msumarini.