Jani Kwenye Damu ya Heriel

Kichupa cha damu kiligunduliwa kimeibwa saa tatu asubuhi, na saa saba mchana madaktari wageni wangekaa kikao cha kuamua upasuaji. Inspekta Jovitha alipanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya tatu, kwenye maabara moja ya Kariakoo. Lifti ilikuwepo. Jovitha hakuwahi kuwa mtu wa kusubiri lifti.

"Damu ya nani?" aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Ya Aristides, Afande. Yule wa vitenge, mtaa wa pili," alijibu Nirali, mtaalamu wa maabara. "Ana saratani ya ini. Kesho anapandikizwa kipande cha ini la mdogo wake, Heriel."

"Mlikuwa mnapima nini?"

"Kiashiria cha saratani kwenye damu. Kikiwa chini, kuna matumaini. Kikipanda sana, saratani inaweza kurudi hata kwenye ini jipya. Hapo madaktari hawapasui. Hawawezi kumkata mdogo mtu mwenye afya bure."

"Si mumchome tena?"

"Nimempigia. Anasema mishipa imechoka, watumie majibu ya mwezi jana. Yalikuwa mazuri."

"Nani aliingia hapa?"

"Ndugu wote wawili. Heriel nilimtoa damu asubuhi hii, ya kaka yake niliitoa jana. Umeme ukakatika, nikashuka kuwasha jenereta. Dakika tano tu." Nirali akapunguza sauti. "Mimi namshuku Heriel. Alikuwa anatetemeka, nadhani anaogopa kukatwa."

Jovitha alifungua friji. Tundu la kichupa cha Aristides lilikuwa tupu. Kwenye tundu la pili, kichupa cha Heriel kilikuwa kimezungushiwa jani refu la kijani, limefungwa fundo.

"Nilidhani uchafu wa sokoni," alisema Nirali. "Sikugusa, nikahofia kufuta alama za vidole."

Jovitha alilitazama jani na hamu ya kufoka ikamwisha. Alizaliwa Kibosho, Uchagani. Kwao, aliyekukosea akikuletea jani la sale lenye fundo, unamsamehe, hata kama moyo umegoma. Alilitia kwenye mfuko wa ushahidi, akashuka mbio.

Barabarani mikokoteni ilikuwa imeziba njia. Aliisukuma, akatukanwa, akatukana. Mbele ya duka la vitenge palikuwa na kopo la rangi lililopandwa sale. Jani moja lilikuwa limekatwa, na kidonda chake bado kibichi.

Ndani, Heriel alikuwa anapanga majora. Kaka yake alikaa kwenye kigoda, macho ya njano kama bizari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mama. Kitenge?"

Jovitha alionyesha kitambulisho, kisha jani. "Nani kakata hili?"

"Jani gani tena?" Heriel aliuliza, na ilionekana wazi kuwa hajui. Aristides aliangalia sakafu.

"Mzee, kesho unapasuliwa tumbo. Leo unaogopa sindano?"

"Mishipa imechoka, mwanangu."

Jovitha alirudi kwenye kopo. Udongo ulikuwa umetifuliwa karibuni. Alichimba kwa vidole, akatoa kichupa chenye jina la Aristides.

"Aliyeogopa kukatwa angetaka kipimo kifanyike," alisema. "Huyu alitaka kisifanyike, majibu ya zamani yabaki. Na jani lilifungwa kwenye damu ya Heriel. Heriel ndiye aliyeombwa msamaha. Aliyeomba ni nani?"

Jovitha aliangalia saa mara mbili.

"Ni mimi," alisema Aristides. "Wiki jana nilipima kwa siri Magomeni. Mwezi jana kiashiria kilikuwa thelathini. Sasa ni elfu moja na mia mbili."

"Ulijua saratani itarudi."

"Nilijua."

"Na bado ulitaka ini lake?"

"Nilitaka Krismasi nyingine nyumbani. Mbili, Mungu akipenda. Nikajiambia huyu ni mzima, ini lake litaota tena. Jani nilikwenda nalo mfukoni nimpe mwenyewe. Nikashindwa kumtazama."

Jovitha alikasirika, halafu akamwonea huruma, halafu akakasirika kwa sababu ya ile huruma. "Ungeweza kumuua mezani, mzee. Kwa Krismasi."

Heriel aliweka jora chini, akanyoosha kiganja. "Afande, naomba hilo jani."

"Ni ushahidi."

"Ni langu. Nimeletewa mimi."

Jovitha alilitoa. Heriel alilishika kwa mikono miwili.

"Nimelipokea, kaka. Siwezi kulikataa na wewe unajua. Kesi ya polisi ni yao, mimi sikudai. Lakini twende ukachomwe upya, madaktari waone ukweli. Wakisema bado inawezekana, ini ni lako. Wakikataa, Krismasi nakubeba mgongoni."

Saa sita kasoro walipanda ngazi za maabara, Heriel akimshika kaka yake kiuno, Jovitha nyuma yao, kwa mara ya kwanza bila haraka. Nirali alifunga mpira mkononi mwa Aristides, akabonyeza kwa kidole. Mshipa ulipatikana mara ya kwanza.