Kumpima Mla Wenyeji

Kamaludin wa Mji wa Kale hakuwa mtu wa mambo ya giza. Alikuwa karani wa forodha, mpenda kahawa chungu, na mtu mzima aliyechekwa na shangazi zake kwa kucheza kadi za viumbe, ule mchezo ambao kila mmoja hupanga mezani majitu yake ya kuchorwa yapigane na ya mwenzake. Waache wacheke. Ukipata kadi usiyoijua nguvu zake, Mombasa nzima ulimpelekea yeye aipime.

Alasiri moja akaja Naomi, mfanyakazi wa bandari ya Mbaraki, na kadi aliyoikuta katika vitu vya marehemu kaka yake. Alitaka kujua kama inafaa mashindanoni. Kahawa hakukubali, kiti hakukubali. Aliiweka mezani kwa ncha za vidole, akaenda zake.

Kadi iliitwa Mla Wenyeji. Haikuchorwa jitu, ilichorwa kivuli tu. Kamaludin akayasoma maneno yake kwa sauti, rafiki yake Khubaib akisikiza.

"Huitwa mezani bila gharama. Hakuna wa kumzuia. Kila zamu, mpe kiumbe wako mmoja. Ukikosa wa kumpa, atajichukulia."

"Ana ila mahali huyu," akasema Khubaib. "Hawawezi kukupa jitu kama hili burebure."

Ila ya kadi haionekani mpaka ichezwe. Na wapimaji wana desturi yao: ukipungukiwa na viumbe dhaifu wa kujaribia, unaandika jina lolote kwenye kikaratasi, nacho kinahesabiwa kadi. Kwa utani, huandikwa walio karibu. Kamaludin akaandika Shombe, paka wa nyumba. Kisha akaandika Fadhiya, dadake mdogo, aliyekuwa ghorofa ya chini akishona gauni la mteja. Wazazi wao walipofariki Kamaludin ndiye aliyemlea, na hakuwa na ndugu mwingine duniani.

"Mtoe Fadhiya, ulale njaa," Khubaib akamchokoza.

Wakacheza. Zamu ya kwanza Kamaludin alimpa Mla Wenyeji kikaratasi cha paka, akakisukuma kwenye rundo la waliotolewa. Jitu likamvuruga Khubaib vibaya sana. Wakacheka wote wawili, maana kadi ilikuwa kali kweli.

Kutoka chini Fadhiya akaita, "Kaka, hebu njoo umtazame paka. Hapumui."

Kicheko kikakatika.

"Paka mzee yule," Khubaib akanong'ona. Lakini hakumtazama mwenzake usoni.

Zamu ikarudi. Mbele ya Kamaludin kilibaki kikaratasi kimoja. Chini, cherehani ilikuwa imeanza kulia tena. Akakigusa.

Cherehani ikanyamaza.

Akainua kidole. Ikalia. Akagusa. Kimya. Akainua. Ikalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Usikiguse tena, Kamaludin. Wallahi usikiguse."

Kamaludin aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akimtoa Fadhiya, amempoteza. Asipomtoa, jitu litajichukulia, na nyumbani mle hakubaki mwenyeji wa kuchukuliwa ila yeye na dadake. Ikabaki njia moja tu: akubali kushindwa, mchezo uishe. Akafanya hivyo upesi, kama mkono wake ulivyozoea. Maana katika mchezo wao mwenye kukubali kushindwa hasemi neno. Hufagia viumbe wake wote kwa kiganja na kuwatupa kwenye rundo la waliotolewa.

"La!" Khubaib akapiga ukelele.

Mkono ulikuwa umeshafika.

Chini kukawa kimya. Kamaludin aliziruka ngazi. Akamkuta Fadhiya ameketi kitini pake, mkono juu ya gurudumu, macho wazi. Yu hai. Akamkumbatia huku akilia kwa furaha, akimshukuru Mungu, akimbusu kipaji cha uso. Mwili wake ulikuwa na joto.

"Kaka," Fadhiya akanong'ona bila kumtazama, "umenikabidhi kwa nani?"

Naomi aliifuata kadi yake kesho yake, akaichukua bila kuuliza lolote. Khubaib hachezi tena. Kikaratasi kile kingalipo, lakini hakina jina. Wala hakikufutwa, ni cheupe, kama ambacho hakijawahi kuandikwa.

Daktari amesema Fadhiya mzima. Masheikh wamemsomea, nao wamesema mzima. Anashona, anakula, anapiga pasi. Ila ukimwita hageuki. Kamaludin humwita kutwa, kwa kubembeleza, kwa machozi, na jina lile humpita kana kwamba si lake.

Kisha ikifika alasiri, hapana mtu aliyefungua mdomo, Fadhiya huiweka kazi yake chini. Huinua kichwa taratibu na kuitika kwa adabu.

"Labeka."

Halafu huinuka, akaanza kutafuta viatu vyake, ambavyo Kamaludin amevificha.