Sahani ya Nane

Sahani ya nane haikuwa na chumvi.

Kiongozi wa meza ndiye aliyegundua, mchana mmoja wa jua kali, yeye na wenzake sita walipokuwa wakigawana sahani hiyo ya ziada kama kawaida yao. Nyama ya kwenye sahani yake mwenyewe ilikuwa imekolea. Ile ya nane, iliyopakuliwa kwenye sufuria hilo hilo kwa upawa huo huo, ilikuwa chapwa kama karatasi iliyolowa. Mmoja akasema mpishi kaanza kuzeeka, wakacheka, wakaimaliza hivyo hivyo kwa njaa.

Usishangae kusikia njaa katika shule ile. Ilikuwa shule ya watoto wa wakubwa, ya vitambaa vyeupe mezani na uma za kung'aa, ada yake ikitajwa mzazi wa kawaida anakohoa, lakini chakula walipakua kama wanalisha kasuku. Tena ilikuwa na jambo moja la kujivunia, ambalo Mkuu wa shule, mama mmoja wa miwani yenye mnyororo, hakuchoka kuwasimulia wageni: pale wasichana hawahesabiwi kama mbuzi. Mpishi akipita na toroli humuuliza kiongozi wa kila meza ya watu wanane kama wa nane yupo, na neno la kiongozi linatosha.

Msichana wa nane wa meza ile alikuwa amehamishiwa shule nyingine na baba yake, hai na mzima. Kiti chake, kile cha mwisho kilicholipa mgongo dirisha, kilibaki kitupu. Siku ya kwanza mpishi alipouliza, kiongozi wa meza alimtupia jicho mdogo wake wa tumbo moja, aliyeanza shule mwaka ule na aliyekaa kuliani kwake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mtoto alikuwa ameikodolea macho toroli, akimeza mate. Dada mtu akajibu, "Yupo, anakuja," na sahani ikatua. Tangu hapo wakawa wanajibu hivyo kila mchana, na fungu nono la sahani ile lilikuwa la Kitinda. Kosa lenyewe lilitokana na mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia.

Baada ya chumvi ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungua na kushika chini ya sufuria, siku ambazo jikoni hawakuchemsha hata tone la maziwa. Kisha kikaja kijiko, kikiigonga sahani ile polepole, huku mikono ya wote saba ikionekana juu ya meza. Halafu mmoja wao akataka kuweka sweta yake kwenye kile kiti, akaikwapua mara moja, akasema kwa sauti ya chini kwamba kiti kina joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Wakakata shauri kuacha mchezo ule. Kesho yake mpishi alipouliza, kiongozi wa meza alifungua kinywa aseme kwamba mwenzao alishahama, na kabla hajatoa neno, sauti ya kike ilijibu kutoka upande wa dirisha, "Nipo." Mpishi akaweka sahani, akaenda zake akipiga mluzi.

Tangu siku hiyo Kitinda akaanza kuisha. Kila alichotia kinywani kilikuwa chapwa, chai, mkate, hata pipi za kutumiwa kutoka nyumbani. Alikula akamaliza, na bado mifupa ya mabega ikachomoza kwenye shati la sare. Muuguzi wa shule akampa vidonge vya kuongeza damu. Dada mtu akajikaza, akaenda kwa Mkuu kuungama yote, akilia. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akafuta miwani.

"Shule hii haina majini, mwanangu," alisema. "Ina jina."

Siku ya wazazi mama yao alikuwa safarini, akaja shangazi yao, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatoa watu majini na hakumficha mtu. Aliingia ukumbi wa chakula akicheka. Alipofika karibu na dirisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akawavuta wasichana wote saba hadi nyuma ya ukumbi.

"Mmemkaribisha kwa ulimi, mtamtoa kwa ulimi," alinong'ona. "Kesho mkiulizwa, semeni wote pamoja kabla hajawawahi: hayupo. Mara tatu. Na mfumbe macho."

"Akikataa, shangazi?"

"Atawabembeleza. Atatumia sauti ya mtu mnayempenda. Msimwitikie na msifumbue macho, maana mkimtazama mmempa ruhusa akae."

Kesho yake, mlangoni mwa ukumbi, Kitinda alimuuliza dada yake kama kweli chumvi itarudi. Dada akamwambia itarudi, na kwamba leo atampa nusu ya sahani yake. Kitinda akatabasamu, akakimbilia bombani kunawa mikono.

Kiongozi wa meza akakaa. Aliposikia magurudumu ya toroli yakilia alifumba macho, na wenzake wakafumba, na papo hapo akahisi mdogo wake ameketi kuliani kwake na kumpenyezea mkono chini ya meza, mkono mkavu wenye joto, akaubana kwa nguvu ili mtoto asiogope.

"Wa nane yupo?" mpishi aliuliza.

"Hayupo."

Harufu ya maziwa yaliyoungua ikawapanda puani hadi macho yao yaliyofumbwa yakatoka machozi, na miguu midogo ikapita mbio nyuma ya viti, ikasita, ikaendelea, kiti cha mwisho kikaburutwa, na kutoka upande wa dirisha ikaja sauti nyembamba, yenye kuhema, ikisema, "Dada, nimekaa huku, changu kimekaliwa," na yeye, akikumbuka maonyo ya shangazi, akaukumbatia ule mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema pamoja na wenzake kwamba hayupo, na sauti ile ikaanza kulia, ikasema, "Dada, fumbua macho, mimi nipo," kilio kile kile cha usiku wa kwanza bwenini, na moyo ulimpasuka lakini akasema mara ya tatu, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Hayupo."

Kilio kikakoma.

Walipofumbua macho, kiti cha mwisho kilikuwa kitupu. Mpishi alishangaa kidogo, akasukuma toroli yake. Wasichana wakakumbatiana, wakalia kwa furaha. Kuliani kwake, Kitinda alikuwa akitabasamu, mashavu yamejaa. Dada mtu akainama kuokota kitambaa kilichoanguka, na hapo akayaona matone ya maji, ya mtu aliyenawa mikono kwa haraka asifute, yakitoka mlango wa bombani, yakisita nyuma ya kiti cha kuliani kwake, yakiendelea hadi kile cha mwisho. Hayakurudi.

Jioni alimpigia shangazi kwa simu ya ofisi ya shule, akamweleza habari za yale matone.

"Ulisema mara zote tatu?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi, mwanangu," alisema, na sauti yake ikakatika.

Mama alirudi safarini akafurahi mno. Mtoto wake amenenepa, ana adabu, anaongoza darasani. Dada alipojaribu kumweleza, mama alimwambia wivu haumpendezi msichana mkubwa.

Mpishi bado anauliza kila mchana, na kiongozi wa meza ndiye anayejibu, peke yake, "Yupo, anakuja." Sahani inawekwa mbele ya kiti cha dirishani. Wenzake wakishaondoka, anaisogelea, anachota kijiko kimoja na kuonja, akiomba iwe chapwa, hata kidogo, ajue kuna mtu aliyeila. Yule wa kuliani kwake humsubiri mlangoni, akitabasamu.

Chumvi imekolea.