Harufu ya Moshi Ndani ya Pikapu

Kwetu Kulamawe siku inaanza na moshi. Mama anachoma vijiti, anafukiza mitungi yake ya maziwa ya ngamia. Maziwa ikikaa kwa mtungi yenye imefukizwa haiharibiki haraka. Halafu Baba anapakia pikapu, tunaenda kuuza Isiolo mjini. Mimi, Abdub, nimemaliza shule na sina kazi, kwa hivyo nakaa katikati yao na mtungi mmoja kwa mapaja.

Sasa hiyo wiki pikapu ikaanza maajabu. Baba akikanyaga mafuta, injini inalia kama ngamia imenyang'anywa mtoto, lakini gari haiendi. Kwa mlima kidogo tu tukapitwa na punda. Kweli, punda!

"Petroli iko na maji," Baba akasema.

Jirani yetu Jarso akasema ni plagi. Tukabadilisha. Wapi! Mwingine akasema ni filta. Tukasafisha. Bado. Mimi sikuelewa kitu. Injini iko na nguvu, naisikia. Hiyo nguvu inapotelea wapi?

Kwa sababu ya kuchelewa, siku mbili maziwa ikafika imechacha. Siku ya pili Umulkheir, mwenye ananunua yote pale sokoni, akaambia Mama, "Dada, nakuheshimu. Lakini kesho ikichacha tena, nitatafuta mtu mwingine."

Tukaenda moja kwa moja kwa gereji ya Kathambi, fundi mwanamke kutoka Meru.

"Habari, mzee."

"Salama. Fungua injini," Baba akasema.

"Ngoja. Mgonjwa anapasuliwa kabla ya kuulizwa anaumwa wapi?" Akaingiza kichwa kwa dirisha, akanusa. "Nini imeungua huku?"

Mama akacheka. "Ni mitungi yangu. Hiyo ni moshi ya maziwa."

"Toa mitungi yote. Hata hiyo kijana amekumbatia."

Tukatoa, tukaacha milango wazi. Halafu akaambia Baba apande kale kamlima karibu na gereji na kurudi. Alivyorudi, Kathambi akaita Mama. "Nusa sasa."

Mama akakunja uso. "Hii si maziwa. Ni kama nguo imeungua."

"Hiyo ni klachi inaungua. Moshi yako imeificha wiki nzima."

Nikazidi kuchanganyikiwa. "Klachi? Si injini ndiyo inalia?"

"Ngoja uone. Mzee, vuta hendibreki. Kanyaga breki pia. Weka gia ya tatu, halafu achilia klachi polepole. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza."

Baba akaachilia klachi yote. Injini ikaendelea kunguruma kama kawaida.

"Zima! Ukirudia utaimaliza. Umeona? Klachi ndiyo inashikanisha injini na gia, kama mikono mbili. Pleti yake, ile sahani ya kushikilia katikati, ikiisha, injini inazunguka peke yake."

Kumbe nguvu ilikuwa inapotelea hapo! "Na kama gia ingekataa kuingia?" nikauliza.

"Huo ni ugonjwa ingine. Hapo klachi inashika, inakataa kuachilia. Unaangalia kwanza kama mafuta ya klachi imepungua." Akageukia Baba. "Mzee, ukiendesha, mguu wa kushoto unakaa wapi?"

"Juu ya klachi. Si mbuzi wanaruka barabarani? Lazima niwe tayari."

"Safari yote?"

"Safari yote."

Mama akapiga makofi. "Baba Abdub! Yaani ni mguu wako!"

Baba akaangalia hiyo mguu kama si yake. Kathambi akamwambia uzito wake ndiyo inafanya klachi iteleze na kuungua; iwekwe chini, ipande tu wakati wa kubadilisha gia ama kusimama. Alasiri akatuonyesha pleti ya zamani, nyeusi, imekwisha kabisa. Akaweka mpya. Akatuonyesha pia pedali inafaa kucheza kidogo kabla iwe ngumu.

Kesho yake asubuhi Mama akaingia kwa pikapu na kijiti moja ya kufukiza mitungi. Kila mara mguu wa Baba ikipanda bure, anagonga goti.

"Nimesikia, Mama Abdub!"

"Goti ndiyo isikie."

Sokoni Umulkheir akafungua mtungi, akaonja. Akaonja tena, akafuta mdomo.

"Kesho leta mitungi mbili zaidi."

Tukirudi tulipata yule punda kwa mlima. Tukampita. Nikampungia mkono.