Uzi Mwekundu na Ulimi wa Twiga

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chapuchapu alikuwa na kazi moja ya lazima: kumtungia Bibi uzi sindanoni. Bibi alikuwa fundi cherehani, na macho yake yaliona vizuri kila kitu isipokuwa tundu la sindano. "Matundu ya siku hizi wameyapunguza," alilalamika kila siku. "Zamani sindano zilikuwa na matundu ya maana." Chapuchapu alilamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja tu, kazi imekwisha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu kila kitu alikifanya mbio. Alikula mbio, aliongea mbio, aliosha vyombo mbio, na nusu ya vyombo hivyo ilibidi virudiwe.

Bibi alijulikana mtaa mzima kwa shuka zake za watoto. Kwenye pembe ya kila shuka alitarizi mnyama, na aliyependwa kuliko wote alikuwa twiga: shingo ndefu, madoa ya kahawia, na ulimi mwekundu uliochomoza kama anamtania mtu. Ajabu ni kwamba Bibi mwenyewe hakuwahi kumwona twiga hata mmoja.

"Miaka arobaini namshona mtu nisiyemjua," alisema. "Nikikutana naye njiani hata salamu hatanipa!"

Shida ilikuwa nafasi. Baba alikuwa mwokaji mikate na Mama alikuwa muuguzi. Baba akipumzika, Mama yuko zamu. Mama akipumzika, Baba yuko kwenye tanuri. Kisha jioni moja Mama alirudi kazini akitabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana. Jumamosi ya wiki iliyofuata wote wawili walikuwa na mapumziko, mara ya kwanza kwa miezi minne.

"Basi tunampeleka Bibi kwenye bustani ya wanyama," Baba akasema. "Akamwone twiga wake."

Mdogo wake Chapuchapu, mvulana wa miaka minane aliyeitwa Kifaru kwa jinsi alivyoingia milangoni, alizunguka meza mara tatu akipiga kelele. Bibi aliinama akajifanya anatafuta kifungo chini ya cherehani, lakini Chapuchapu aliona anafuta machozi.

Sasa, kwao safari haikuendwa hivi hivi tu. Bibi alikuwa na desturi yake ya kazi. Kila nguo ya mteja ilibandikwa karatasi yenye orodha: kupima, kukata, kupiga pindo, vifungo. Hatua ikikamilika, Bibi alipiga mshono mmoja wa uzi mwekundu palepale kwenye karatasi. Hakuna aliyemuuliza fundi kama amemaliza, maana uzi ulijibu. Mipango ya nyumbani nayo ilifuata mtindo huohuo, na safari hii Chapuchapu ndiye aliyechaguliwa kuwa mkuu wa safari.

Aliandika orodha yake kwa mwandiko wa mbio. Basi la kupanda. Chakula. Maji. Kofia. Mwishoni Baba akamwongezea kazi kubwa kuliko zote.

"Piga simu bustanini, mwanangu. Uliza twiga wako wapi, ni umbali gani kutoka getini, na kama wana kiti cha magurudumu. Magoti ya Bibi unayajua."

Aliyajua. Bibi aliweza kutembea kutoka mlangoni hadi dukani kwa jirani, basi. Ngazi kwake zilikuwa vita.

Chapuchapu alichukua simu ya Mama akapiga. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Mara ya tatu ikaitikiwa na sauti nzito ya mwanamke: "Bustani ya wanyama, nikusaidie nini?"

Lo! Mdomo ule ambao nyumbani haukupumzika ulikauka kabisa. Chapuchapu akakata simu. Kisha akakumbuka kipeperushi cha bustani alichopewa na jirani. Akakifungua. Ramani ilikuwemo, na twiga walichorwa karibu kabisa na geti. Pembeni palichorwa hata kiti cha magurudumu. "Kumbe kila kitu kiko hapa," akajiambia. "Nipige simu ya nini?" Akachukua sindano na kupiga mshono mwekundu mbele ya maneno "Kupiga simu".

"Umepiga simu?" Baba aliuliza jioni.

"Nimepiga, Baba. Twiga wako karibu na geti, na kiti kipo."

Chapuchapu hata uongo aliusema mbio. Baba akampongeza, naye akaondoka mbio.

Tangu siku hiyo Bibi hakuwa na habari nyingine. Mteja aliyeleta suruali ipunguzwe aliondoka na habari za twiga. Aliyekuja kudai gauni lake alipewa twiga kwanza, gauni baadaye.

Siku ya Alhamisi, darasani, Chapuchapu alimsimulia rafiki yake wa dawati moja juu ya safari yao. Rafiki akapiga makofi.

"Mtafurahi! Mimi shangazi alinipeleka mwezi jana. Ila twiga wamehamishwa, wako juu kabisa kilimani. Ngazi zake, weee! Nilihesabu mpaka mia moja na ishirini, nikachoka kuhesabu."

Chapuchapu akatoa kipeperushi kwenye mkoba na kukigeuza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mwaka kilipochapishwa. Kilikuwa na umri wa miaka mitano.

Njiani alitembea polepole, jambo ambalo halijawahi kutokea. Angeweza kunyamaza. Jumamosi wangefika, wangekuta ngazi, na yeye angeshangaa pamoja na wengine. Wangelaumiwa watu wa bustani. Nani angejua?

Alipofungua mlango alimkuta Bibi hayupo kwenye cherehani. Alikuwa akitembea kutoka ukutani hadi mlangoni na kurudi, mkono mmoja kiunoni, akihema.

"Nafanya mazoezi," Bibi akasema. "Nisije nikamwaibikia twiga. Jana nilizunguka mara nne, leo nimefika sita! Haya, njoo unitungie uzi."

Chapuchapu akashika sindano. Uzi ukakosa tundu. Akajaribu tena, ukakosa. Mara ya tatu sindano ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Eh! Leo tundu limepungua hata kwako?"

Hapo ndipo kilio kilipomtoka. Akasema yote: simu aliyoikata, kipeperushi cha zamani, ngazi, uongo aliomwambia Baba. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Furaha iliondoka usoni pake, na Chapuchapu aliona kwamba hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kofi.

"Lete karatasi ya safari," Bibi akasema hatimaye. "Na ule mkasi mdogo."

Akaletewa.

"Fumua."

Chapuchapu akakata ule uzi mwekundu, akauvuta taratibu. Kwenye karatasi yakabaki matundu mawili madogo.

"Mama na Baba utawaambia mwenyewe wakirudi. Sasa hivi piga simu, ofisi yao bado haijafungwa." Bibi alikuwa na simu yake ndogo mfukoni, akaitoa.

"Bibi, naogopa."

"Unaogopa nini? Mimi ndiye wa kuogopa, nimeandaliwa ngazi mia moja na ishirini. Wewe unaogopa 'haloo'?"

Chapuchapu akacheka huku analia. Akapiga. Sauti ileile nzito ikajibu: "Bustani ya wanyama, nikusaidie nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kumbe sauti ilikuwa nzito lakini si kali. Chapuchapu akaeleza habari za Bibi, magoti yake, na twiga wa miaka arobaini. Majibu yakaja moja baada ya jingine, na yote yalikuwa mabaya. Ndiyo, twiga walikuwa kilimani. Ndiyo, njia ya wageni ilikuwa ya ngazi. Viti vya magurudumu vilikuwa viwili tu, na vyote vimeshaombwa kwa Jumamosi.

"Pole sana, mwanangu."

Chapuchapu wa siku zote angesema asante akakata. Lakini alimtazama Bibi, ambaye alikuwa amekaa akijikanda magoti, na safari hii akafikiri kwanza.

"Samahani, mama. Na chakula cha twiga hupandaje? Nacho hubebwa kwenye ngazi?"

Upande wa pili yule mama akaangua kicheko. "Miaka yote niliyokaa hapa hakuna aliyeniuliza hilo! Subiri."

Chapuchapu akasubiri. Yule mama aliporudi alisema kuna barabara ya nyuma inayopitiwa na gari la majani, na mtunza twiga amekubali kumbeba Bibi kwenye kiti cha mbele. "Lakini gari huondoka saa tatu kamili asubuhi, geti la nyuma. Twiga wakisikia njaa hawasubiri mtu. Mkichelewa dakika moja, basi tena."

Jioni ile, Chapuchapu alisimama mbele ya wazazi wake akasema ukweli wote. Baba aliweka kijiko chini.

"Mimi nikisema mkate umeiva na haujaiva, watu wanaumwa matumbo."

"Na mimi nikiandika kwamba mgonjwa amepewa dawa, na hajapewa..." Mama akaanza, lakini hakumaliza. Wote walielewa.

Chapuchapu alidhani atavuliwa ukuu wa safari. Ng'o! Baba alimwamuru afumue nyuzi zote na kuhakikisha kila jambo upya. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilifaa, maana Ijumaa alipokwenda kituoni kuuliza, kondakta alimwambia kwamba basi alilolichagua halipiti Jumamosi. Ingekuwa kilio. Akachagua la mapema zaidi, akalirudia jina la kituo mara mbili, ndipo akapiga mshono.

Jumamosi, saa tatu kasoro dakika kumi, familia nzima ilikuwa kwenye geti la nyuma. Bibi alivaa gauni lake la kijani. Mtunza twiga, mzee mrefu mwenye buti za mpira, alimshika mkono akampandisha garini kwa heshima zote.

"Tutaonana huko juu, waenda kwa miguu!" Bibi akawapungia mkono kupitia dirishani.

Wao wakapanda ngazi. Zilikuwa mia moja na arobaini na tatu. Chapuchapu alizihesabu zote. Kifaru alianza kwa kukimbia na akamaliza mgongoni kwa Baba. Walipofika juu wakihema, Bibi alikwisha kufika zamani, amekaa kwenye benchi kando ya uzio, mikono mapajani, akitazama juu. Mbele yake alisimama twiga.

Twiga aliinamisha shingo polepole, akamtazama Bibi kwa macho yake makubwa yenye kope ndefu. Mtunza twiga akampa Bibi tawi la majani. Bibi akalipokea na kumnyooshea twiga. Twiga akafungua mdomo, ulimi ukatoka, mrefu, ukalizunguka tawi na kulivuta.

"Mweusi!" Bibi akapiga ukelele. "Jamani, ulimi mweusi! Miaka arobaini nimemshonea mwekundu!"

Mama alicheka mpaka akashika uzio. Baba alicheka, mtunza twiga alicheka, na Bibi mwenyewe alicheka huku machozi yakimtiririka, na mara hii hakutafuta kifungo chochote cha kujifichia. "Haya, sasa tumejuana," akamwambia twiga. "Unisamehe, bwana." Kisha akamshika Chapuchapu bega na kumvuta karibu. "Mtunzeni vizuri mkuu wangu wa safari. Huyu ndiye aliyenipandisha mlima nikiwa nimekaa!" Chapuchapu alijiona mrefu kama twiga.

Kesho yake mchana Bibi aliketi kwenye cherehani yake, shuka mpya mapajani, akifumua ulimi mwekundu aliokuwa ameutarizi wiki ile.

"Kumbe na wewe ulikosea kama mimi, Bibi," Chapuchapu akasema.

"Nilikosea, ndiyo. Lakini si kama wewe," Bibi akajibu bila kumkwepa. "Mimi sikujua. Wewe ulijua kwamba hujapiga simu, ukashona uzi. Asiyejua anaweza kufundishwa, mjukuu wangu, lakini anayedanganya anawapoteza hata wenzake. Ingegundulika Jumamosi, mimi ningelia chini ya zile ngazi. Ulipokosea ukafumua mapema, tena mwenyewe, tukamwona twiga. Kazi isiyofanyika usiipigie uzi. Na usipojua, uliza, kuuliza si ujinga."

Chapuchapu akaitazama karatasi ya safari waliyoitundika ukutani. Mbele ya "Kupiga simu" palikuwa na mshono mwekundu uliokazwa vizuri, na kando yake matundu mawili matupu. Akachukua uzi mweusi, akautunga sindanoni polepole, akamkabidhi Bibi.

"Haya, niambie," Bibi akasema akianza ulimi mpya. "Mteja mmoja anataka mamba. Ulimi wa mamba una rangi gani?"

Chapuchapu alifungua mdomo kujibu mbio, kama kawaida yake. Kisha akaufunga.

"Sijui, Bibi," akasema. "Kesho nitapiga simu niulize."