Glavu Mbili za Mkono wa Kushoto

"Za kitabuni hizi, mwenzangu! Usiniambie hujakisoma!"

Gudny, jirani wa nyumba ya ng'ambo ya kijito, alisimama juu ya ski zake, zile mbao za kutelezea thelujini, katikati ya njia, akainua mikono yote miwili. Glavu nyekundu za sufu, mpya kabisa. Jua la Pasaka lilikuwa linawaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, lakini Ingvild aliona vizuri sana. Madole gumba yote mawili yalikuwa yameangalia upande mmoja.

Zote za mkono wa kushoto.

Chungwa alilokuwa anamenya likamponyoka, likabiringika kwenye theluji.

"Kitabu gani?" akauliza.

"Jamani, huyu anaishi wapi? *Sufu Nyekundu*! Cha huyo Odd Ravnås ambaye hakuna anayemjua sura. Mimi sijalala tangu Alhamisi. Mume wangu nimemlaza upande wa mlangoni, akija muuaji aanze na yeye!" Gudny akacheka, tumbo linatikisika. "Yule binti anavyouawa, shoga, sikuhadithii. Anakutwa mtoni, kavaa glavu mbili za kushoto, mama yake alikosea kufuma. Nchi nzima sasa tunafuma hivi. Kule dukani uzi mwekundu umekwisha!"

Sindre, mchumba wa Ingvild, alishaanza kufunga begi.

"Twende, mpenzi. Jua linatupiga."

"Ngoja kwanza..."

"Ingvild. Twende."

Gudny akajiendea zake, anapunga ile mikono miwili inayofanana. Ingvild akabaki amesimama kama kigingi.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini. Ingvild alikuwa na dada, Liv. Mwaka wa sita huu Liv alitoka nyumbani kwenda kwa rafiki yake, akakutwa asubuhi kando ya mto. Aliyemuua hajapatikana mpaka leo. Mikononi alikuwa na glavu nyekundu mbili za kushoto. Mama yao, Borghild, alizifuma huku anatazama televisheni akakosea, na Liv akagoma zisifumuliwe. "Niache nazo, mama, nikipotea utanijua kwa hizi." Alikuwa mtani hivyo.

Polisi hawakuwahi kuyatangaza hayo. Mpelelezi, Ødegård, aliwakalisha familia akawaambia, "Hili jambo analijua muuaji na sisi tu. Siku mtu akija kukiri, nitamsubiri alitaje mwenyewe. Hiyo ndiyo ndoana yangu. Msimwambie mtu." Wakaapa. Baba yao akafa nalo.

Ingvild alimwambia mtu mmoja tu. Alikuwa analia, amelazwa kifuani, anabembelezwa nywele. Utamficha nini mwanaume unayetaka kuzeeka naye?

"Sindre," akamwita. "Wewe ulimwambia mtu?"

"Mimi? Nimwambie nani?"

"Sasa huyo mwandishi kajuaje?"

"Bahati mbaya tu, mpenzi. Watu wangapi wanakosea kufuma? Au labda polisi mmoja kaongea kwenye bia. Polisi nao ni watu."

Maneno yalikaa sawa. Na Ingvild alitaka yakae sawa! Harusi ilikuwa mwezi wa sita, kanisa lilishawekwa, mama yake alikuwa anamfumia bwana harusi sweta la sherehe, limebaki mkono mmoja.

Nyumba yao ya mlimani haina umeme wala mtandao. Simu inashika kule juu kwenye mwamba tu. Ingvild akapanda peke yake, kahema, kafungua. Ujumbe wa rafiki yake Tuva ukaingia kwa mkupuo:

"Uko wapi?"

"Umekiona hiki kitabu??? Binti anakutwa mtoni, kama Liv."

"Ingvild nipigie. USIKISOME."

Hakupiga. Akatafuta kitabu. Maoni ya wasomaji yalikuwa yanamwagika kama mvua.

"Dadu sita, alama ya juu kabisa! Ningekuwa na dadu yenye saba ningempa."

"Nimekisoma chooni nimejifungia kwa komeo. Sioni aibu."

"Nimetapika pale kwenye glavu. Nikarudia kusoma."

"Huyu mwandishi ni mgonjwa. Kingine kinatoka lini?"

"Mwenye maelezo ya kufuma zile glavu aweke hapa jamani, nataka kuwafumia mabinti zangu."

Na katikati ya vicheko, mtu mmoja asiye na picha: "Mnasahau kwamba kuna mama mahali fulani alimpoteza binti namna hii?"

Chini yake alijibu Odd Ravnås mwenyewe: "Asante kwa kusoma. Tulia, mama. Ni hadithi tu." Na watu mia tatu wamepiga vidole gumba.

Ingvild akazima simu. Aliteremka akiwa na wazo moja tu: mama asijue.

"Hatajua," Sindre alimwambia mlangoni, akamfuta machozi kwa kidole. "Si ulisema mama yako hagusi vitabu vya mauaji tangu Liv?"

"Hagusi."

"Basi. Twende ndani, tabasamu."

Wakaingia. Jiko la kuni linaunguruma, kahawa inanukia. Borghild amekaa kwenye kiti chake, sindano za kufumia mapajani, sweta la harusi limelala pembeni. Na mezani, kati ya machungwa na chokoleti, kimelala *Sufu Nyekundu*.

Ingvild akaenda moja kwa moja mezani.

"Mama... hicho nini?"

"Kitabu cha mauaji cha Pasaka, kama kila nyumba nchi hii," Borghild akajibu bila kuinua macho. "Nimechoka kukaa Pasaka kama watu waliozikwa. Zamani baba yako alikuwa anatusomea hapa hapa. Mwaka huu tunarudisha."

"Mama, hicho hapana. Mimi sitaki."

"Wewe husomi. Unajua taratibu za nyumba hii, akiwepo mgeni mpya ndiye anayesoma." Akamgeukia Sindre, akatabasamu kidogo. "Au mkwe wangu hajui kusoma?"

"Borghild, mimi... kitabu hiki hata sijawahi kukiona, na koo linanisumbua."

"Kunywa kahawa. Nimeweka alama. Anzia hapo, pale polisi wanapofika mtoni."

Sindre akakichukua. Ingvild alimtazama mikono. Mchumba wake huyu hutetemeka akijikata kidole na kisu cha jibini, lakini kile kitabu alikishika kama mtu anavyoshika mlango wa kwao.

Akasoma. Alisoma vizuri, ana sauti ile ya redio. Ukungu, mto, mbwa anabweka. Sindano za Borghild zinagongana, tiki tiki tiki. Ingvild amebana mikono katikati ya magoti, anasubiri lile neno kama mtu anayesubiri kofi. Mpelelezi wa kitabuni akapiga magoti. Akaondoa majani usoni mwa binti.

Kisha Sindre akafunua. Hakufunua karatasi moja, alifunua mbili, pamoja, macho bado yako kwenye mstari wa mwisho. Akaendelea palepale, bila kukwama: "Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika..."

Sindano zikanyamaza.

"Umeruka," akasema Borghild.

"Zimegandana karatasi, samahani."

"Basi rudi."

"Borghild, kwa kweli yaliyomo pale si ya kusomwa mbele ya..."

"Mbele ya nani?"

Kuni zikapasuka jikoni.

"Umejuaje yaliyomo pale?" akauliza Borghild taratibu, kama anamuuliza mtoto. "Si umesema sasa hivi hujawahi kukiona? Mtu asiyekijua kitabu hajui pa kuruka, mwanangu."

Ingvild akasimama. Hakujua amesimama lini.

"Sindre."

"Ingvild, nisikilize..."

"Sindre, niambie hujakiandika wewe."

Jamani, angedanganya hata kidogo! Alikiangalia kile kitabu tu, kama kitamsaidia.

"Nimekisoma mara tatu," Borghild akasema. "Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikuwa natafuta nani kasema. Waliobaki wanaojua ni Ødegård na askari wake, mimi na wewe, Ingvild." Hapo sauti ikamvunjika. "Mwezi mzima nimelala na wazo kwamba mwanangu kamuuza dada yake. Mwezi mzima. Nikasema acha nimweke huyu kwenye kiti cha baba yenu, asome, nione."

"Mama, nilimwambia yeye tu. Nilimwambia nikiwa nalia."

"Najua sasa."

Sindre akapata ulimi. Na alipoupata, weee!

"Nilibadili jina lake! Nilibadili mji, nywele, kila kitu! Vitabu vyangu viwili vya kwanza, unavijua, vilioza dukani, hakuna aliyenisoma hata mmoja. Mhariri akaniambia, weka kitu kimoja ambacho msomaji hatakisahau. Nikajaribu, Ingvild, usiku na mchana nikajaribu. Kila nilichobuni kilikuwa cha uongo. Hicho kimoja tu kilikuwa kweli."

"Kilikuwa cha Liv," Ingvild akasema.

"Watu wanamlilia! Umeona wanavyoandika? Nchi nzima inamlilia binti ambaye ilikuwa imemsahau!"

"Wanafuma glavu, Sindre."

"Ni hadithi tu, Ingvild, mimi nilidhani..."

Borghild akacheka. Kicheko kikavu, kimoja.

"Hayo ndiyo uliyonijibu. Asante kwa kusoma, tulia, mama, ni hadithi tu. Yule asiye na picha nilikuwa mimi."

Ndugu zangu, rangi ilimtoka yule kijana. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaficha uso.

"Naomba mnisamehe," akasema ndani ya viganja. "Ingvild, nakupenda. Hilo si la kitabuni."

Na kibaya zaidi, Ingvild alijua ni kweli. Alimpenda yeye pia, hata dakika ile, hata akiwa amejikunja pale sakafuni kama begi tupu. Angeweza kuyameza. Mwandishi mwongo, mchumba mwongo, watu wanasamehe makubwa. Akamwangalia mama yake.

"Kwenye kitabu chako anapiga kelele," Borghild akasema. "Kurasa nzima anapiga kelele. Daktari aliniambia Liv hakupata hata nafasi ya kulia. Miaka sita nalala kwa neno hilo moja. Sasa nikifumba macho nasikia kelele zako." Akaokota sindano. "Panda mwambani, mpigie Ødegård. Mwambie wewe ni nani na umeyatoa wapi. Asiendelee kuwashuku askari wake."

Wakapanda wawili, bila kuongea. Jua lilikuwa limeshuka begani mwa mlima. Sindre akapiga, akaweka sauti ya wazi, akaeleza. Alieleza vyote, hakujitetea. Ingvild akaisogelea simu.

"Ødegård? Ni mimi, Ingvild. Nisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ingvild." Mzee akashusha pumzi. "Nilitaka kuwapigia baada ya Pasaka, nisiwaharibie sikukuu. Wiki iliyopita kuna mtu yuko gerezani kwa kesi nyingine, ameanza kuongea. Amekiri kumuua Liv."

Ingvild akamshika Sindre mkono. Kwa mazoea tu.

"Ametaja glavu?"

"Ametaja. Mbili, za kushoto, bila kuulizwa."

"Basi ni yeye! Ødegård, si ndiyo ndoana yako?"

"Kitabu kiko kwenye maktaba ya gereza, binti yangu. Kimeazimwa na kila mtu, naye yumo. Sina kitu kingine. Jana amebadili maneno, anasema aliyasoma, alitaka kujisifu tu kwa wenzake. Na wakili wake ataingia mahakamani na *Sufu Nyekundu* mkononi."

"Lakini ni yeye?"

"Mimi naamini ni yeye."

Simu ikakatika, au Ødegård aliikata, hakuna ajuaye. Ingvild akauachia ule mkono, kidole kimoja kimoja.

"Nitatoa ushahidi," Sindre akasema. "Nitajitangaza, nitakiondoa kitabu madukani, nitafanya chochote. Ingvild? Niambie nifanye nini."

"Kitoe vichwani mwao."

"Siwezi."

"Basi teremkia upande ule wa barabarani. Begi lako nitalituma."

"Na sisi?"

"Kila nikikulilia utakuwa unasikiliza ili uandike. Nenda, Sindre."

Alienda. Ingvild alimwangalia mpaka akawa kitone cheusi kwenye weupe wote ule, akageuka kabla hakijapotea.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameshaanza kulifumua sweta la harusi. Hakuuliza alichosema Ødegård, alimsoma bintiye usoni tu, akaendelea kuvuta uzi. Ingvild akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono miwili, na uzi ukaanza kuzunguka viganjani mwake, mzunguko kwa mzunguko.

Nje wakasikia ski zinakwaruza. Mlango ukagongwa, kichwa cha Gudny kikachungulia, mashavu mekundu kwa baridi.

"Nimeona kitabu dirishani! Kumbe na nyie! Mmefika wapi?"

"Tumemaliza," akasema Ingvild.

"Uongo! Mimi zimebaki kurasa arobaini, naogopa kuzisoma, mume wangu kalala. Hebu nidokeze kidogo tu, moyo utulie. Anakamatwa?"

Ingvild akatazama zile glavu nyekundu kwenye kitasa cha mlango.

"Hakamatwi, Gudny. Anakiri mwenyewe, na bado anaponyoka."

"Aa! Na wewe nawe!" Gudny akapiga mguu chini. "Umeniharibia utamu wote!"

Akafunga mlango. Dirishani wakamwona anakata theluji kuelekea kwake, akageuka mara moja kuwapungia, mikono miwili juu, yote ya kushoto.