Siku Mpaka Ulipohama

Watu walimwita Bi Kipimo kwa sababu katika kazi yake ya kupima ardhi hakuwahi kukosea. Asubuhi hiyo alivaa buti zake, akaenda kwenye kiwanja cha ndugu wawili. Juma lililopita alipigilia vigingi vya mpaka. Leo alitaka kuvihakiki tu, fundi aliyekuwa akingoja aanze kujenga ukuta kati yao.

Akawasha mashine yake inayopokea mawimbi ya setilaiti. Akatazama. Akafuta kioo, akatazama tena. Mashine ilisema mpaka unapita katikati ya jiko la mdogo mtu.

"Si nilisema!" kaka mtu akaruka. "Fundi, lete nyundo!"

"Thubutu!" Mdogo mtu alisimama mlangoni pa jiko. "Juma lililopita lilikuwa langu, leo limetembea? Dada, umehongwa?"

Bi Kipimo akapima tena. Mpaka ukaangukia kwenye banda la kuku la kaka mtu. Akapima mara ya tatu, ukahamia pengine. Jiko halina miguu, ardhi haitembei. Sasa nani mwongo?

"Fundi, weka nyundo chini," alisema. "Sibomoi jiko la mtu kwa jambo nisilolielewa."

Akampigia simu shemeji yake, mtaalamu wa kituo cha hali ya hewa.

"Shemeji, mashine yangu imepata wazimu!"

"Si mashine, shemeji. Ni jua."

"Jua gani, na mawingu haya?"

Shemeji akacheka. "Si joto lake. Jua hupuliza chembe ndogo mno zenye umeme. Huo ndio upepo wa jua. Juzi lilitema wimbi kubwa, leo limetufikia. Dunia ina nguvu ya sumaku inayotukinga kama ngao. Wimbi likiigonga, ngao hutikisika. Tunaiita dhoruba ya sumaku."

"Mbona sihisi kitu?"

"Wewe huna neno. Lakini anga ya juu huvurugika, na mawimbi ya setilaiti yanapita humo humo. Yakicheleweshwa njiani, mashine hukosea mahali."

"Nifanye nini?"

"Subiri itulie, siku moja au mbili. Kisha anzia kwenye jiwe la mpaka unalolijua. Mashine ikisema kweli hapo, endelea. Na kabla ya kazi, tuulize utabiri."

Ndugu wale waliposikia habari za jua, walimtazama kama watu wanaouziwa mbuzi kwenye gunia. Hata hivyo walikubali kusubiri.

Baada ya siku mbili Bi Kipimo alianzia kwenye jiwe la zamani la mpaka. Sawasawa! Akapima mpaka mara tatu, mara zote jibu likawa moja: pale pale penye vigingi. Jiko lilikuwa salama. Tangu hapo hakupima kabla ya kuuliza utabiri.

Ukuta ulipofika magotini, kaka mtu alimwita fundi.

"Acha nafasi ya mlango hapa," alisema bila kumtazama mdogo wake. "Watoto wapite."